Gamba la samaki kwenye kopo la bibi

Wiki mbili zilizopita tulikuwa Mwambani, huku kwetu Tanga, tunapanga vitu vya bibi. Alifariki mwaka jana na mama muda wote huo hakuwa tayari kufungua kile chumba, sasa siku hiyo akaamka akasema basi, tufungue, tugawe khanga, tutoe vilivyoliwa na mchwa. Mimi nikapewa makopo. Bibi alikuwa na makopo jamani, kopo la vifungo, kopo la sindano, kopo la risiti za kodi za miaka hiyo, na katika kopo moja la maziwa ya unga, chini kabisa ya vifungo, nikakuta bahasha ya kaki imekunjwa mara nne na ndani yake gamba la samaki.

Nikalijua palepale. Lilikuwa langu. Mwaka 2004 nikiwa darasa la tano nililiweka katikati ya daftari la hesabu na bibi akaniambia toa uchafu huo nyumbani kwangu, unanuka, na kesho yake halikuwepo. Miaka yote hii mi najua alilitupa. Kumbe bibi yangu alilichukua akalifutafuta akalitia bahasha akalihifadhi, na hakuwahi kusema neno mpaka anaingia kaburini. Nilikaa chini pale pale sakafuni.

Ngoja nieleze lilivyo maana picha za simu hazionyeshi vizuri. Linajaa katikati ya kiganja. Rangi yake ni kama chai ya rangi iliyozidi maji. Upande mmoja ni laini na mwembamba, ukiliinua dirishani mwanga unapita, huo ndo upande uliokuwa umelaliwa na gamba jingine. Upande wa pili ni mgumu na una vijiba vidogo vidogo vingi, ukipitisha kidole kinyume unakwaruza kama msasa. Harufu imeisha. Sasa hivi linanukia karafuu na vile vifungo.

Siku yenyewe naikumbuka vizuri sana. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa anavua jarife. Kwa asiyejua, jarife ni wavu wa papa, macho yake makubwa, unazamishwa chini kabisa jioni, unalala huko, alfajiri mnaenda kuuvuta kwa mikono na mikono yenyewe inachanika. Walikuwa wanatega nje ya kisiwa cha Karange, kule ambako bahari inashuka ghafla. Kawaida wakipata papa mkubwa utawasikia kabla hujawaona, wanaimba. Siku hiyo mashua imekuja kimya. Samaki wamemfunika kwa kipande cha tanga, na walipomfunua watu wote pwani wakasogea halafu wakarudi nyuma hatua moja, hata wazee.

Alinizidi urefu. Rangi ilikuwa bluu inayokwenda kukauka kuwa kahawia, madoa meupe mwili mzima kama mtu amerusha chokaa kwa brashi. Macho ya kijani. Lakini kilichotushika wote ni mapezi. Pezi la samaki tunalijua, linaanzia mwilini kama upepeo. La huyu kwanza kinatoka kinofu cha nyama, kinene, kama kigasha cha mtoto mchanga, halafu pezi ndo linaanzia mwisho wa hicho kigasha. Mjomba akakishika akakizungusha, kikazunguka kama mkono unavyozunguka begani. Akasema, "Huyu ana mikono huyu." Na mkiani, katikati ya mkia, kumechomoza kimkia kingine kidogo.

Mzee mmoja akasema tangu azaliwe hajamuona. Mwingine akasema walishawahi kumpata wakamtupa hukohuko, hana faida. Na kweli hakununuliwa. Nyama yake ilikuwa inavuja mafuta tu, jirani yetu mmoja alichukua kipande akakaanga na usiku mzima tumbo likamwendesha. Basi wakamkatakata, nyama ikawa chambo, utumbo ukaliwa na paka na kunguru, na sisi watoto tukagombania magamba.

Yule alikuwa silikanti.

Sisi hilo jina tulikuja kulisikia baadaye, ilipoanza kusemwa kwamba wavuvi wa Tanga wanawapata na watu wa utafiti wanawatafuta. Mmoja alikuwa ameshapatikana Kilwa, Songo Mnara, Septemba 2003, halafu kuanzia 2004 wakawa wanatoka huku kwetu, Kigombe, Mwarongo, na pwani hii yote, makumi kwa makumi, mpaka mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, kilomita za mraba 552 kuanzia kaskazini ya mlango wa mto Pangani mpaka huku juu ya mji wa Tanga. Ila mimi nilikuwa sijawahi kukaa chini nikasoma kwa nini dunia nzima inamhangaikia huyu samaki. Baada ya lile kopo nimesoma usiku wiki mbili mfululizo, bando limeisha mara tatu, na ndo maana naandika.

Kwanza, wanasayansi walimjua akiwa jiwe kabla hawajamjua akiwa samaki. Walikuwa wanakuta alama za jamaa zake kwenye miamba ya zamani sana na wakaamini ukoo wote uliisha pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Halafu tarehe 22 Desemba 1938 dada mmoja anaitwa Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho madogo ya mji wa East London huko Afrika Kusini, akaitwa bandarini aje aangalie samaki wa meli ya kukokota nyavu. Akachambua lile rundo akaona pezi la bluu. Hakumjua ni nani ila alijua si wa kuachwa. Sasa kumbeba, dereva wa teksi hataki kwa ajili ya harufu. Akatafuta pa kumuweka kwenye baridi, akakataliwa, mpaka mochwari walimkatalia. Na Desemba kule ni joto, samaki anaoza mkononi. Mwisho ikabidi fundi wa kukausha wanyama amchune, ngozi ijazwe ibaki na umbo lake, na vya ndani vyote vikatupwa.

Hapo niliposoma nikasimama kidogo. Utumbo wa silikanti wa kwanza kujulikana duniani ulitupwa na watu wa makumbusho wenyewe, tena watu waliojitahidi kwa nguvu zao zote. Sasa sisi pale Mwambani na kisu cha kuparia samaki, hatuna jokofu, hatuna simu ya kumpigia mtu, tungefanya nini?

Mtaalamu wa samaki, J.L.B. Smith, alimuona Februari 1939, ngozi tu na fuvu, akampa jina la kisayansi la Latimeria, yaani jina la yule dada. Lakini ubongo uko wapi, moyo ukoje, anazaaje, hakuna anayejua, vimeshatupwa. Smith akamtafuta wa pili miaka 14. Akasambaza vikaratasi pwani yote ya Afrika mashariki vyenye picha ya samaki na ahadi ya zawadi ya pauni 100. Desemba 1952 mvuvi wa Anjouan, Komoro, jina lake Ahamadi Abdallah, akamvua mmoja kwa mshipi usiku. Smith akaomba ndege kwa waziri mkuu wa nchi yake akamfuata mpaka Komoro. Inasemekana alipomuona alilia. Mi namuelewa.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote si cha kumvua. Makumbusho ya New York walikuwa na silikanti wao jike, wamemhifadhi, yupo tu pale kama alama. Miaka ile watu walikuwa wanabishana kama silikanti anataga mayai au anazaa, maana walishakuta mayai tumboni kwa wengine, mayai makubwa kama chungwa. Mwaka 1975 wakaamua kumkata yule wa kwao. Wakakuta watoto watano tumboni, kila mmoja kama rula ya shule, wamekamilika kila kitu na kifuko cha kiini cha yai kimening'inia tumboni. Yaani jibu lilikuwa limelala humo ndani ya makumbusho yao miaka yote hiyo, hakuna aliyefungua.

Halafu kuna hili la juzi juzi, mwaka 2021. Kabla ya hapo ilidhaniwa silikanti anaishi miaka 20 hivi. Watafiti wa Ufaransa wakachukua magamba, jamani, magamba, ya silikanti 27 waliohifadhiwa kwenye makumbusho, wengi wao wa Komoro waliovuliwa zamani, wakayaweka chini ya hadubini yenye taa ya namna maalumu. Kwenye gamba kuna mistari, kama pete za mti uliokatwa, mistari ya wazi inaonekana kwa taa ya kawaida na ndo iliyokuwa ikihesabiwa siku zote. Ila kwa ile taa ya kwao ikaonekana mistari mingine myembamba sana katikati, mitano kwa kila mmoja wa ile ya zamani. Wakahesabu upya. Mkubwa wao alikuwa na miaka 84. Wakakadiria kwamba anaweza kukaribia 100, jike hazai mpaka afike miaka 55 au zaidi, na mimba anaibeba miaka mitano. Miaka mitano! Samaki ambaye akivuliwa mmoja mwenye mimba umeondoa kitu ambacho bahari ilikitengeneza nusu karne.

Waliovua wale samaki wengine wameshakufa. Waliowatia kwenye dawa hawakuwa na hiyo taa wala hilo swali. Walihifadhi tu vizuri wakaandika karatasi ya kila mmoja, amepatikana wapi, lini, urefu gani, uzito gani. Swali lilipokuja, gamba lilikuwepo.

Na mimi nina gamba. La samaki aliyekuwa mkubwa kuliko mimi wa darasa la tano, kwa hiyo inawezekana kabisa alikuwepo huko chini ya Karange kabla ya Uhuru.

Tangu siku hiyo naangalia Tanga kwa jicho jingine na kuna jambo linanikera kwa kweli. Tunayo Makumbusho ya Urithi pale mjini na ninawapongeza, mtu akija kunitembelea ndo napomleta kwanza. Lakini ninachokitaka mimi ni chumba cha sayansi ya Tanga hasa, chenye vitu vyenyewe, mtoto wa darasa la tano asogee pua iguse kioo. Maana mkoa huu umeipa dunia vitu na vitu vyenyewe haviko hapa.

Chukua ua la dughulushi. Lile dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, watu Ulaya na Marekani wanaliweka madirishani kwa mamilioni na wengi hawajui limetoka wapi. Limetoka huku. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota akapeleka kwao, mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Na kule Amani, juu Muheza, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902 wakawa wanakausha mimea na kuibandika kwenye karatasi, kila mmea na karatasi yake, tarehe, mlima, jina la aliyeuchuma. Mkusanyiko ule mwaka 1950 ukahamishiwa Nairobi na ndo chanzo cha hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa waliyonayo kule mpaka leo. Sisemi urudishwe, huko unatunzwa na unatumika. Nasema tu tungekuwa hata na karatasi moja hapa, ua moja lililochumwa Usambara, mtoto aone.

Ila kitu ambacho naumia nacho zaidi ni korona, si ule ugonjwa, ni ile mashine ya mkonge. Huyu babu yangu wa upande wa baba alikuja Tanga kukata mkonge, alikuwa manamba, na neno lenyewe linatokana na namba maana mtu alikuwa anaitwa kwa namba yake kabla ya jina. Mkonge si wa kwetu pia, mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida ikaja kwa meli kupitia Hamburg, ikafika Tanga 62 tu ndo mizima, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutoka kwenye hiyo 62 ndo mashamba yote yale, na mwanzoni mwa miaka ya 60 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka, hakuna nchi iliyotushinda.

Korona ndo mashine inayotoa singa kwenye jani. Nimeingia kwenye moja mbovu mwezi uliopita, shamba moja limeshaachwa siku nyingi, paa limetoboka na ndani kuna popo. Ni kitu kirefu kama basi mbili. Jani linaingia limelala ubavu, mnyororo unalibana katikati, linapita kwenye gurudumu kubwa lenye visu butu pembeni, visu havikati, vinapiga, vinapondaponda nyama ya jani mpaka inatoka yote huku maji yanamwagika, nusu ya jani imebaki nyuzi tupu. Halafu mnyororo wa pili unalipokea kwa upande ule uliokwisha safishwa, unaliachia wa kwanza, na gurudumu la pili linapiga nusu iliyobaki. Hapo kwenye kupokezana ndo pana akili yote ya ile mashine. Jani halidondoki, haligeuzwi na mtu, linapokelewa kama mtoto anayetolewa mkononi kwa mama kwenda kwa shangazi. Katika kila jani kinachopatikana nyuzi ni kidogo mno, kama sehemu nne au tano katika mia, mengine yote ni maji na makapi, ndo maana pale Hale walijenga mtambo wa kugeuza makapi kuwa gesi na umeme.

Nilivyogusa visu vya lile gurudumu vimelika upande mmoja, vimekuwa na mviringo kama kijiko kilichotumika miaka. Kilichovila ni majani, majani tu, mamilioni kwa mamilioni. Mlinzi akaniambia kuna vijana wa chuma chakavu wanakuja kuulizia bei kila mwezi. Gurudumu moja tu la hiyo korona na mita mbili za mnyororo, ukiziweka kwenye chumba na jani bichi la mkonge pembeni, mtoto anaelewa mambo matatu ya fizikia bila ubao. Likishakatwa likaenda kuyeyushwa ndo basi.

Haya, turudi kwenye gamba. Nimejifunza kwamba kitu bila karatasi yake kinapoteza zaidi ya nusu ya thamani, gamba lisilojulikana lilitoka wapi ni pambo tu. Kwa hiyo Jumamosi nikaenda kwa mjomba. Siku hizi haendi baharini, goti linamsumbua, yuko barazani anasuka nyavu za wengine. Nikampa shikamoo, nikakaa, nikamuwekea mkononi bila kusema kitu.

Akalipindua. Akapitisha kidole kinyume, vilevile nilivyofanya mimi. Akasema, "Huyu wa mikono."

Nikamwambia mjomba nataka tuandike karatasi yake. Tulianza saa nne tukamaliza adhuhuri inaadhiniwa. Tarehe hakuijua ila alijua ilikuwa mwanzo wa kaskazi, mwezi mchanga, na ilikuwa wiki ile binti yake wa pili alipozaliwa, basi akaitwa shangazi alete kadi ya kliniki, tukapata wiki. Kina akanipa kwa pima, pima sitini, kwa sababu kamba ya jarife aliipima mwenyewe kwa mikono yake, na nikikokotoa inakuja mita 110 hivi. Mahali akanieleza kwa alama za nchi kavu, ncha ya Karange ikikutana na kitu fulani na mlima fulani ukiwa juu ya miti fulani, na hapo sitaandika yote, sitaki mtu aende kutega pale. Hayo nimeyaandika kwenye karatasi yenyewe. Urefu akasimama akaonyesha kwa kujipima, kutoka unyayoni mpaka chini kidogo ya bega. Nikampima kwa futi ya fundi cherehani, sentimita 138.

Nilipomsomea niliyoandika akasikiliza mpaka mwisho kisha akasema hapana, futa hapo. Nilikuwa nimeandika "alipatikana kwenye jarife". Akasema hakupatikana, tulimvua, tulikuwa watu watano, tuandike. Akataja majina, mmoja mmoja, na jina la mashua. Watatu wamekufa. Nimeandika wote kwa mpangilio aliotaja yeye, na mwisho nikaongeza jina la bibi, mtunzaji, 2004 mpaka 2024.

Jumatatu naenda kuwauliza watu wa hifadhi kitu kama hiki kinapokelewa wapi. Kwa sasa gamba lipo kwenye bahasha ileile ya bibi, karatasi imekunjwa pembeni yake, na nimerudisha kwenye kopo na vifungo juu.